Nyumba ya Mawe ya Mkulima wa Troutbeck

Kaskazini-magharibi ya Uingereza iko nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District. Mvua ni nyingi huko, baridi ni kali, na mahali pengi jembe hugonga jiwe kabla ya kufika chini. Katika kijiji cha Troutbeck, juu ya ziwa la Windermere, ipo nyumba iitwayo Townend ambayo watu huenda kuitazama mpaka leo. Si nyumba ya bwana mkubwa. Ilijengwa karibu na mwaka wa 1626 na mkulima aliyeitwa George Browne, na watu wa ukoo wake walikaa humo mpaka mwaka wa 1943.

Msomaji atauliza: kwa nini alijenga kwa mawe wakati ule? Mawe yalikuwako tangu zamani, lakini wakulima wengi wa milima hiyo walikuwa wakikaa katika nyumba za miti na udongo, zilizoezekwa kwa nyasi. Jibu halimo katika mawe. Limo katika haki ya shamba.

Wakulima hao walishika mashamba yao kwa desturi. Walilipa kodi ndogo kwa bwana wa nchi, na baba alipokufa mtoto alirithi. Ilisemwa ya kuwa walipewa haki hiyo kwa sababu walikuwa tayari kupigana na Waskoti mpakani. Basi mwaka wa 1603 Mfalme James wa Uskoti akawa mfalme wa Uingereza pia, na mpaka ukawa hauna vita tena. Mfalme na mabwana wa nchi wakasema: kama hakuna vita, hakuna haki, wakulima na wawe wapangaji tu, ambao kodi yao yaweza kupandishwa na wao wenyewe kuondolewa. Wakulima hawakukubali. Walipeleka shauri mbele ya baraza kuu la hukumu huko London, na mwaka wa 1625 ikaamuliwa kwamba wanashika mashamba kwa kodi na ada wanazolipa, wala si kwa sababu ya vita, na kwamba mashamba ni ya kurithiwa.

Katika miaka mia moja iliyofuata nyumba za mawe zilijengwa kwa wingi katika mabonde yale. Mtu aliye na hofu ya kufukuzwa hujenga nyumba ya kukaa miaka michache. Aliye na hakika ya shamba lake huweza kumjengea mjukuu wake. Wasomaji wetu waliokwisha kupata hati za mashamba yao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tutazame kazi ya waashi. Ukuta ulikuwa mnene, futi mbili au zaidi. Ulijengwa kama kuta mbili zilizosimama pamoja, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati wakajaza vipande vidogo vya mawe. Kila baada ya kimo fulani waliweka mawe marefu yaliyopita toka upande huu mpaka upande wa pili, ili kuta hizo mbili zishikane zisitoke tumbo. Pasipo mawe hayo ukuta hupasuka katikati, hata ukiwa mnene namna gani. Tena mawe yalilazwa yakiinamia nje kidogo, ili maji yakiingia yarudi nje yasiingie chumbani. Mwishowe wakapiga lipu ya kokoto na kupaka chokaa. Ndiyo maana Townend yaonekana nyeupe kutoka mbali. Chokaa hiyo haikuwa pambo tu. Ilizuia mvua, nayo ilipakwa tena na tena.

Paa liliezekwa kwa mawe yaliyopasuliwa kuwa vibao vyembamba. Vikubwa viliwekwa chini ukingoni, na vidogo juu, karibu na mgongo wa paa. Hivyo uzito mkubwa ulikaa juu ya ukuta, na hakuna kibao kilichopotea bure.

Ndani, chumba kikubwa kilikuwa cha moto. Moshi ulipanda katika dohani pana, na nyama ilitundikwa humo ikauke. Pembeni mwa moto palikuwa na kabati ndogo ukutani ya chumvi na viungo, kwa kuwa hapo palikuwa pakavu siku zote. Maziwa na siagi viliwekwa upande wa kaskazini usiopata jua. Jambo hili mfugaji wa ng'ombe wa maziwa alifikirie, ila akumbuke kwamba kwetu jua huhama upande kwa majira. Madirisha yalikuwa madogo, na kwa hilo hatuwasifu: ndani ni giza hata mchana. Samani ni za mbao ngumu zilizochongwa, nyingine na mtu wa baadaye wa ukoo huo, naye George Browne, aliyefariki mwaka wa 1914. Tangu mwaka wa 1948 nyumba imo mikononi mwa shirika la hifadhi, National Trust.

Lakini kwa mkulima, kitu cha kutazama kwa muda mrefu kiko ng'ambo ya barabara. Ni ghala lililojengwa katika mteremko. Kwa upande wa juu gari lililosheheni nyasi kavu liliingia moja kwa moja katika orofa ya juu, bila mtu kupandisha mzigo begani. Chini yake, mlango ukiwa upande wa bondeni, ng'ombe walikaa katika joto lao wakati wa baridi, na nyasi ziliteremshwa kwao toka juu. Samadi ilitolewa kwa mlango wa chini na kupelekwa kondeni. Mteremko, ambao wengi huulalamikia, ulifanya kazi ya watu wawili kila siku.