Visiwa vya Bazaruto: Kizuizi cha Mchanga na Malisho ya Nguva

Kisiwa kizuizi ni kisiwa kirefu cha mchanga kilicholala sambamba na pwani, kikiyakinga maji yaliyo nyuma yake na mawimbi ya bahari kuu. Jina lenyewe laeleza kazi yake: thamani yake haimo katika ardhi tu, bali pia katika utulivu wa maji yale. Mfano mashuhuri uko Msumbiji, mbele ya mji wa Vilankulo, nao ni Visiwa vya Bazaruto.

Visiwa hivyo ni vitano: Bazaruto, Benguerra, Magaruque, Santa Carolina na Bangue. Isipokuwa Santa Carolina, kilichosimama juu ya mwamba, asili yake ni mchanga wa rasi iliyotengwa na bara bahari ilipopanda, maelfu ya miaka iliyopita. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1971. Leo eneo lake ni kilomita za mraba 1,430, sehemu kubwa ikiwa bahari.

Mgeni avukaye kwa mashua hukuta pande mbili zisizofanana. Mashariki, vilima virefu vya mchanga hutazama bahari kuu, na kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Ndani ya visiwa vya Bazaruto na Benguerra mna maziwa ya maji baridi yenye mamba. Magharibi, maji yakipwa, mafungu ya mchanga hubaki wazi, na heroe pamoja na ndege wengine hutafuta chakula humo.

Katika maji hayo matulivu ya magharibi huota nyasi za bahari, ambazo huhitaji kina kifupi na mwanga wa jua. Nyasi hizo ndizo malisho ya nguva. Bazaruto ndiko kuliko na kundi kubwa la mwisho la nguva lenye tumaini la kudumu katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Nguva ni mamalia: hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na hupitisha miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Akinaswa katika jarife hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa. Kwa hiyo hata vifo vichache kwa mwaka vyaweza kulipunguza kundi.

Hapa ndipo penye ugumu. Visiwa vina wenyeji, na maji yaleyale huwapa riziki. Kukataza uvuvi wote ni kuwanyima chakula. Kuruhusu majarife ni kuwamaliza nguva. Njia iliyo kati ni kuchagua zana, kama vile mshipi na ndoana, na kuhakikisha kwamba fedha za wageni zinawafikia wenyeji.

Jambo hili si geni nchini Kongo. Katika Hifadhi ya Bahari ya Mikoko, Muanda, iliyoanzishwa mwaka 1992 penye mlango wa Mto Kongo, huishi lamantini, ndugu wa nguva, ambaye naye hula majani na hunaswa nyavuni. Aendaye Bazaruto huenda asimwone nguva hata mmoja. Lakini akitambua kwamba kilima cha mchanga, maji matulivu, nyasi na wavu wa mvuvi ni jambo moja, ameielewa hifadhi.