Je, Wajua? Mnafiki Aliyezuiwa Jukwaani kwa Karibu Miaka Mitano

Tarehe 12 Mei 1664, sherehe kubwa za kifalme zikiendelea Versailles, kikundi cha waigizaji cha Molière kilimwonyesha Mfalme Louis wa Kumi na Nne mchezo mpya wa kuchekesha. Mfalme, kijana wa miaka 25, aliufurahia. Siku chache baadaye akauzuia usionyeshwe hadharani. Mchezo huo ni Tartuffe, kisa cha laghai aliyejivika uchaji Mungu akaiteka nyumba ya tajiri mmoja wa Paris. Zaidi ya miaka 350 imepita na bado unachezwa, maana ugonjwa unaouonyesha haujapona.

Je, wajua kwamba mchezo huu ulipigwa vita kabla haujachezwa?

Ufaransa ya wakati huo ilikuwa na chama cha siri kilichoitwa Compagnie du Saint-Sacrement. Wanachama wake walikuwa makabaila, mahakimu na mapadri. Walisaidia maskini, wagonjwa na wafungwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini pia walichungulia maisha ya watu majumbani mwao na kushtaki walichokiona kuwa dhambi. Tarehe 17 Aprili 1664, karibu mwezi mzima kabla ya onyesho la Versailles, walikaa kikao wakakubaliana kufanya kila njia mchezo huo ukomeshwe.

Je, wajua kwamba mnafiki mwenyewe hatokei jukwaani hadi sehemu ya tatu?

Mchezo una sehemu tano. Katika mbili za kwanza watazamaji wanamsikia tu Tartuffe akisemwa, huku wakiona alivyoivuruga nyumba. Bwana Orgon, mwenye nyumba, anarudi kutoka safari ya siku mbili na kumuuliza mtumishi Dorine habari za nyumbani. Dorine anamwambia kwamba bibi mwenye nyumba aliumwa homa na kichwa, chakula hakikupita kooni. Orgon anauliza: na Tartuffe je? Tartuffe ni buheri wa afya, amenenepa, amekula kware wawili na nusu ya paja la kondoo. Orgon anamhurumia Tartuffe. Dorine anaendelea: bibi hakupata lepe la usingizi. Na Tartuffe? Alilala fofofo. Orgon anamhurumia tena. Hivyo hivyo mara nne, na hata mara moja mume haulizi mkewe anaendeleaje.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe. Alipewa ahadi ya kumwoa binti wa nyumba, Mariane, aliyekwisha kuposwa na kijana mwingine. Kisha akaandikiwa mali yote, baada ya Damis, mtoto wa kiume, kufukuzwa kwa kosa la kusema kweli.

Je, wajua neno la kwanza la Tartuffe ni amri kwa mtumishi wake?

Anapoingia hatimaye, anamwona Dorine. Papo hapo anapaza sauti na kumwagiza mtumishi wake aweke mahali pake vazi la manyoya makali na mjeledi, yaani vifaa ambavyo watawa walitumia kuutesa mwili kwa toba. Kama Dorine asingekuwepo, amri hiyo isingekuwa na maana. Kisha anatoa leso na kumtaka Dorine ajifunike kifua kabla hajazungumza naye, eti macho yake yasijeruhiwe. Ni muda mfupi tu baadaye anapomtongoza mke wa mwenyeji wake. Lugha yetu ina neno kamili la jambo hili: ria, ibada inayofanywa ili ionekane. Molière aliionyesha kwa leso moja na amri moja.

Je, wajua ni kitu gani kilichomtoa Orgon chini ya meza?

Hili ndilo onyesho mashuhuri kuliko yote. Elmire, mke wa Orgon, amechoka kutosadikiwa. Anamficha mumewe chini ya meza yenye kitambaa kirefu, kisha anamwita Tartuffe na kujifanya amelainika. Tartuffe anataka vitendo, si maneno. Elmire anakohoa ili kumpa mumewe ishara. Kimya. Anakohoa tena. Tartuffe, kwa huruma ya bandia, anampa peremende ya kikohozi. Elmire anataja hofu ya Mungu. Tartuffe anamjibu kwamba hata na mbingu kuna namna ya kupatana, nia ikiwa safi. Bado Orgon hatoki.

Elmire anamwomba Tartuffe achungulie nje, asije mumewe akawa karibu. Tartuffe anasema hakuna haja ya kumhofia, kwani Orgon ni mtu wa kuburutwa kwa pua. Anapotoka kwenda kuchungulia, ndipo Orgon anapoibuka, uso umemwiva. Heshima ya mkewe ilikuwa hatarini muda wote ule na hakutikisika. Sasa amesikia yeye mwenyewe akidharauliwa.

Je, wajua kwamba mama yake Orgon aliigizwa na mwanamume?

Bi Pernelle, mama mkali anayemtukuza Tartuffe tangu mwanzo, aliigizwa na Louis Béjart, mwigizaji aliyekuwa akichechemea. Baada ya kisa cha meza, Orgon anamwambia mama yake kwamba ameona kwa macho yake mawili. Mama hakubali: watu wema husingiziwa siku zote. Orgon anarudia, nimeona. Mama anashikilia lake. Hapo Orgon anakunywa dawa aliyokuwa akiwanywesha wenzake. Dorine hakosi kumkumbusha.

Je, wajua Molière mwenyewe aliigiza nafasi ya nani?

Wengi hudhani alikuwa Tartuffe. La. Nafasi ya Tartuffe alimpa Du Croisy, na ya Elmire akampa mkewe, Armande Béjart. Yeye alichukua nafasi ya Orgon, mtu anayedanganywa. Uamuzi huo una maana kubwa. Laghai ana hila zake, lakini mlango anafunguliwa na mwenye nyumba, kwa mkono wake, kwa furaha, kwa kuwa anapenda kuonekana mwenyeji wa mtakatifu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Je, wajua kwamba paroko mmoja alitaka mtunzi achomwe moto?

Mwaka huo huo wa 1664, Pierre Roullé, paroko wa Saint-Barthélemy jijini Paris, alichapisha kijitabu cha kumsifu mfalme. Humo alimwita Molière shetani aliyevaa mwili wa binadamu na kusema anastahili moto. Molière alimwandikia mfalme kujitetea: yeye hakuicheka dini, aliwavua nguo wanaoitumia kama joho la kufichia wizi.

Je, wajua kwamba hata kuusoma mchezo kulikuwa kosa?

Molière hakukata tamaa. Tarehe 5 Agosti 1667 aliuonyesha tena Paris, katika ukumbi wa Palais-Royal. Alikuwa amebadilisha jina la mchezo ukaitwa L'Imposteur, yaani laghai, na mhusika akamwita Panulphe. Ulichezwa mara moja tu. Kesho yake, Guillaume de Lamoignon, rais wa mahakama kuu ya Paris, aliupiga marufuku. Mfalme alikuwa vitani Flanders, ameuzingira mji wa Lille, ikabidi waigizaji wawili, La Grange na La Thorillière, wafunge safari wampelekee ombi huko huko kambini. Tarehe 11 Agosti Askofu Mkuu wa Paris, Hardouin de Péréfixe, aliyewahi kuwa mwalimu wa mfalme utotoni, alitangaza kwamba yeyote atakayeucheza, kuusoma au kuusikiliza, iwe hadharani au faraghani, atatengwa na Kanisa.

Je, wajua jibu la Mwanamfalme Condé?

Katika dibaji ya mchezo wake Molière anasimulia kwamba siku nane baada ya katazo la kwanza, mchezo mwingine wenye mzaha juu ya mambo matakatifu ulionyeshwa mbele ya mfalme, na hakuna aliyelalamika. Mfalme akashangaa: mbona hawa wanaomkasirikia Molière hawakuukasirikia huu? Condé akamjibu kwamba mchezo ule ulicheza na mbingu na dini, mambo wasiyoyajali watu hao. Wa Molière uliwagusa wao wenyewe.

Je, wajua mapato ya siku mlango ulipofunguliwa?

Ruhusa ilitoka mapema 1669. Tarehe 5 Februari watu walifurika Palais-Royal hadi nafasi ikakosekana. Mapato ya siku hiyo yalikuwa livre 2,860, makubwa kuliko siku nyingine yoyote ya kikundi hicho. Katazo la karibu miaka mitano lilikuwa limeutangaza mchezo kuliko mpiga mbiu yeyote.

Je, wajua kwamba Molière alizikwa usiku?

Kanisa la Ufaransa liliwanyima waigizaji maziko ya Kikristo wasipoikana kazi yao kabla ya kufa. Molière aliugua akiwa jukwaani tarehe 17 Februari 1673, akafa usiku huo nyumbani kwake, padri akiwa bado hajafika. Mjane wake ilimbidi aende kuomba kwa askofu mkuu na kwa mfalme. Ruhusa ilipotolewa, ilikuwa na masharti: azikwe usiku, bila fahari. Alizikwa tarehe 21 Februari katika makaburi ya Saint-Joseph.

Je, wajua kwamba Tartuffe amekuwa neno la kamusi?

Kwa Kifaransa, mtu anayejifanya mcha Mungu huitwa tartuffe, na tabia yake tartufferie. Kwa wasomaji wa Kiswahili mchezo huu ulitafsiriwa katika miaka ya 1970 kwa jina lisilohitaji maelezo: Mnafiki. Nako Paris, tarehe 15 Januari 2022, miaka 400 tangu Molière abatizwe, Comédie-Française ilianza kuonyesha tena umbo la sehemu tatu lililokatazwa mwaka 1664, kama lilivyoundwa upya na mtafiti Georges Forestier.

Na je, wajua Orgon alitaka kufanya nini baada ya kufumbuliwa macho?

Aliapa kuwachukia watu wote wa dini kuanzia siku hiyo. Shemeji yake Cléante, mtu wa busara katika nyumba ile, akamzuia. Alimwonya kwamba anatoka shimo moja na kutumbukia jingine: kwa sababu tapeli mmoja amemlaghai, asidhani wacha Mungu wa kweli hawapo. Atenganishe wema na sura ya wema, wala asiwe mwepesi wa kumtukuza mtu. Askofu Mkuu aliyeukataza mchezo huu hata kusomwa aliwakataza waumini wake kuyasikia maneno hayo pia.