Saa ya Mkononi: Nyongeza Zenye Kazi na Zile za Pambo

Uso wa saa ya mkononi unaweza kubeba tarehe, siku, umbo la mwezi, kipima muda, hata saa ya nchi ya pili. Kila nyongeza hupandisha bei, ila ni chache ambazo mvaaji huzitumia wiki baada ya wiki.

Kwa anayeamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe huko Kabazi, kaunti ya Nakuru, la kwanza ni kuuona uso wenyewe gizani. Rangi ya kung'aa inayopakwa kwenye akrabu hunyonya mwanga wa mchana na kuutoa usiku; ile duni hufifia kabla ya jogoo la kwanza. Casio F-91W, saa ya tarakimu iliyotoka 1989, ina alamu na kitaa cha kubonyeza, japo kitaa chenyewe ni hafifu na humulika upande mmoja tu.

Saa ya akrabu, hata hivyo, ina faida ambayo watengenezaji wa Uswisi na Japani hawakuikusudia. Saa moja asubuhi akrabu fupi huwa kwenye 7, na mkia wake, pale unapochomoza upande wa pili wa kitovu, huelekea 1. Mkia ndio unaosoma Kiswahili. Saa ya tarakimu ya mfumo wa saa 24 hudai hesabu: 16:00 toa 6, saa kumi jioni, 19:00 toa 18, saa moja usiku.

Kabazi iko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza takribani kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kwa hiyo saa inayotangaza macheo haina jipya la kumwambia mkulima wa huko. Hata ile hila ya kutafuta kusini kwa kuelekeza akrabu fupi kwenye jua huharibika, maana Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa utosini.

Inayodharauliwa bure ni akrabu ya sekunde. Mhudumu wa afya akimchunguza mtoto mwenye kikohozi huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, mtoto ametulia, nguo imepandishwa kifuani. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kushuku nimonia. Uso usio na alama za sekunde ukingoni haufai hapo, hata uwe wa dhahabu.

Namba za mwendo zilizochorwa pembezoni mwa saa nyingi za michezo huweza kujaribiwa ndani ya matatu, mradi barabara ina nguzo za kilomita. Kipima muda huanzishwa kwenye nguzo moja na kusimamishwa kwenye inayofuata: sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, kikomo cha magari ya abiria nchini Kenya; sekunde 36 ni 100, na hapo dereva anastahili kuambiwa. Jikoni, pete ya kuzungusha ya saa za wapiga mbizi ni rahisi zaidi. Alama yake hulinganishwa na akrabu ya dakika viazi vinapobandikwa, basi.

Tarehe inafaa, ila dirisha la kawaida huhesabu siku 31 kila mwezi na hudai kurekebishwa mara tano kwa mwaka. Kalenda ya kudumu, isiyohitaji kuguswa hadi 2100, hugharimu ng'ombe wa gredi wengi. Saa zinazojirekebisha kwa mawimbi ya redio hutegemea mitambo ya Japani, China, Ujerumani, Uingereza na Marekani, na mawimbi hayo hayafiki Bonde la Ufa.

Yabaki maandishi ya kuzuia maji. “Mita 30” si kina cha kuzamia. Ni kipimo cha shinikizo la maabara, na maana yake ni manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Saa hiyo huvuliwa kabla ya kufua.