Sarafu za Shaba na Imani ya Mji (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliiona miji iliyokuwa chini ya Roma ikijitambulisha kwa sarafu ndogo za shaba. Efeso ilichora hekalu la mungu wake Artemi. Philippopolis, katika Bulgaria ya leo, ilitaja michezo ya sikukuu yake. Upande mmoja alikaa kaisari, upande wa pili mji ukajisemea wenyewe. Leo turudi pwani kwetu.

Kilwa Kisiwani nayo ilifua sarafu zake za shaba. Hazina picha wala mwaka. Upande mmoja limeandikwa kwa Kiarabu jina la sultani. Upande wa pili, kauli kwamba anamtegemea Mwenyezi Mungu. La kustaajabisha ni kwamba maneno ya pande hizo mbili yanafungana kwa vina. Ukiigeuza sarafu kiganjani, unakamilisha kina. Sisi tuliolelewa na tenzi twaitambua sanaa hiyo mara moja.

Mmoja wa masultani hao ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyefikiwa na Ibn Battuta mwaka 1331, baada ya msafiri huyo kulala usiku mmoja hapa Mombasa. Shaba ilikuwa pesa ya matumizi madogo ya nyumbani, lakini sarafu ya sultani huyu imepatikana hata Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa, katika nchi ilikotoka dhahabu iliyoitajirisha bandari yake. Na huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Basi ufuaji wa sarafu pwani hii ulitangulia kwa karne nyingi kufika kwa Wareno.

Ninaandika haya kwa sababu kisiwa chetu kinachimbwa kila siku: misingi ya maghala Shimanzi, mitaro ya maji Mji wa Kale. Ukiona kisarafu kilichoota kutu ya kijani, usikisugue kwa ndimu wala mchanga, herufi zitafutika. Usimuuzie mpita njia. Sarafu ikiondolewa bila kuandikwa mahali na kina ilipolala, nusu ya ushahidi wake imepotea. Andika mahali hapo, kisha wape taarifa watu wa makumbusho pale Fort Jesus. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inatutaka tufanye hivyo, na wajukuu wetu wana haki ya kuisoma historia yao.