Je, Wajua? Noti za Porini

Je, wajua kwamba mwaka 1917 Wajerumani walitengeneza noti porini, kusini mwa nchi yetu, kwa kugonga herufi za mihuri ya mpira juu ya karatasi yoyote iliyopatikana? Wenyewe waliziita noti za porini.

Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na nchi hii ilikuwa koloni lao. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, fedha mpya haziingii, na mwenye rupia ya fedha aliificha. Ndipo kuanzia Machi 1915 serikali ya Kijerumani ikachapisha noti za muda humuhumu nchini. Mwaka 1916 mafundi wa Tabora wakageuza maganda ya risasi kuwa sarafu za hela 5 na 20. Wakapiga pia sarafu za dhahabu ya mgodi wa Sekenke za rupia 15, zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi. Wakusanyaji bado wanazigombea. Dhahabu ni dhahabu hata serikali ikianguka; noti ilikuwa ahadi tu, na ahadi hiyo iliishia pale jeshi la Wajerumani lilipoishia.

Huku kwetu Mbozi ahadi hiyo iliisha mapema. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yalivuka mpaka kutoka Rhodesia Kaskazini na Nyasaland, Wajerumani wakarudi nyuma. Mtu wa Hasamba aliyelipwa karatasi kwa nafaka au kwa kubeba mizigo, angeipeleka kwa nani?



Novemba 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipita tena pande hizi, akashambulia kituo cha Fife, ng'ambo ya Tunduma, kisha tarehe 25 akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Askari wake Waafrika walikuwa wanadai mishahara ya miaka. Aliomba Waingereza wamkopeshe rupia milioni moja na nusu awalipe, wakakataa. Basi wakapewa vyeti vya madai. Karatasi tena!

Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa mwaka 1964. Inasimuliwa kwamba wazee waliojitokeza Mwanza walikuwa mamia, wenye vyeti wachache mno. Waliobaki walipewa fagio washike kama bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani, na wote wakatii amri bila kukosea.