The Jellies!: Katuni ya rapa Tyler, the Creator iliyopita kimya, na kijana aliyebadilishwa rangi

Ukisema "katuni" katika nyumba nyingi za huku kwetu, picha inayokuja kichwani ni ya watoto waliokaa mbele ya televisheni. Wanaoifahamu Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, wanajua jinsi katuni inavyoweza kumfundisha mtoto hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili.

Lakini ziko katuni ambazo mtoto hatakiwi kuziona kabisa. Zimechorwa kwa ajili ya watu wazima, zina matusi na mizaha ya chumbani, na huko Marekani huonyeshwa usiku. Mojawapo ni The Jellies!, iliyobuniwa na rapa Tyler, the Creator pamoja na rafiki yake Lionel Boyce. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2017, ikapata msimu wa pili mwaka 2019, kisha ikaishia hapo. Ukiilinganisha na nyimbo za Tyler, haikupata jina.

Tunairudia leo kwa sababu moja. Kabla haijafika kwenye televisheni, mhusika wake mkuu alichorwa akiwa kijana Mzungu. Ilipofika, alikuwa kijana mweusi. Sababu ya kumbadilisha ni jambo ambalo hata mtazamaji wa simu aliye mbali na studio za Marekani anaweza kulipima mwenyewe.

Tyler ni nani?

Jina lake kamili ni Tyler Gregory Okonma. Alizaliwa mwaka 1991 katika jimbo la California, Marekani. Jina Okonma limetoka kwa baba yake, ambaye asili yake ni Nigeria, lakini aliyemlea ni mama yake.

Alianza kujulikana akiwa na kundi la vijana lililoitwa Odd Future. Walikuwa wakitengeneza muziki, wakichora, wakibuni nguo na kupiga video zao wenyewe. Lionel Boyce alikuwa mmoja wao. Kati ya mwaka 2012 na 2014 kundi hilo lilikuwa na kipindi cha vichekesho, Loiter Squad, kwenye Adult Swim.

Hapa tueleze kidogo. Cartoon Network ni chaneli ya katuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1992. Mchana huonyesha vipindi vya watoto. Mwaka 2001 ikaanzisha sehemu ya usiku kwa ajili ya watu wazima, ikaipa jina Adult Swim. Chaneli ni ileile, lakini saa zikibadilika na watazamaji hubadilika.

Tyler si wa kwanza kati ya marapa kuingia kwenye katuni. MC Hammer alikuwa na Hammerman mwaka 1991, kuhusu mtu anayepata nguvu za ajabu kutokana na viatu vya kuchezea dansi. André 3000 wa kundi la OutKast alishiriki kubuni Class of 3000, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2006. Hizo zilikuwa za watoto. Tyler na Boyce walikwenda upande wa watu wazima.

Hadithi yenyewe

Jina la katuni limetokana na mnyama wa baharini ambaye kwa Kiswahili huitwa yavuyavu. Kwa msikilizaji wa bara ambaye hajamwona, ni mnyama laini kama uji ulioganda, anayeelea majini akiwa na nyuzi ndefu zinazowasha ngozi ukizigusa. Hana mifupa, hana damu, na karibu mwili wake wote ni maji.

Katika katuni hii, familia ya mayavuyavu inaishi kwenye nyumba ya kawaida kama watu. Ina kijana wa miaka 16 anayeitwa Cornell. Cornell ana miguu miwili, mikono miwili na sura ya binadamu. Kila anayemtazama anajua kwamba hakuzaliwa na yavuyavu. Asiyejua ni yeye peke yake. Siku anapoambiwa kwamba aliasiliwa, dunia yake inageuka, na hadithi inaanzia hapo.

Kichekesho kimejengwa juu ya jambo hilo: ukweli ulio wazi kwa wote isipokuwa mwenyewe. Sisi husema damu nzito kuliko maji. Katuni hii inaichezea imani hiyo, kwa sababu waliomlea Cornell hawana hata tone la damu, na bado ndio familia anayoijua.

Vipande vyake ni vifupi, kama dakika 11 kila kimoja. Michoro ilifanywa na Augenblick Studios ya Brooklyn, New York. Miongoni mwa wasimamizi wake alikuwapo Carl Jones, aliyewahi kufanya kazi kwenye The Boondocks, katuni ya familia ya watu weusi iliyoanza mwaka 2005.

Rangi ya Cornell

The Jellies! haikuanzia kwenye televisheni. Mwaka 2015 Tyler alianzisha programu ya simu ya kulipia, Golf Media, ambamo aliweka video na kazi zake nyingine. Katuni iliwekwa humo kwanza. Katika toleo hilo Cornell alikuwa Mzungu.

Julai 2017, miezi michache kabla ya toleo la televisheni kuanza, Tyler na wenzake walikwenda Comic-Con, mkutano mkubwa wa mashabiki wa katuni na filamu unaofanyika kila mwaka San Diego, California. Mtu mmoja katika hadhira akauliza kwa nini wamembadilisha Cornell rangi.

Tyler alijibu kwa swali, na kwa lugha kali ambayo hatutairudia hapa. Alimtaka muulizaji amtajie wahusika watano tu weusi wa katuni waliokuwa kwenye televisheni wakati huo. Kisha akaeleza kwamba watu weusi hawana wahusika wa kutosha, ndiyo maana waliamua Cornell awe mweusi, tena awe mhusika mkuu. Akaongeza jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko yote: Cornell hashiki bunduki, hachezi mpira wa kikapu, wala hafuati picha iliyozoeleka ya kijana mweusi. Ni kijana mwenye vituko tu.

Sehemu hiyo ya mwisho inaweza kukupita usipoangalia. Tyler hakusema kwamba Cornell ni shujaa, wala kwamba ni mfano wa kuigwa. Alichomdai ni nafasi ya kuwa mjinga kidogo, mwenye ndoto, anayechelewa kuelewa mambo, kama mhusika wa kizungu anavyoruhusiwa kuwa kwenye katuni yoyote bila mtu kuuliza sababu.

Kwa nini jibu lile lilikuwa zito?

Ili kulielewa, inabidi kurudi nyuma. Katika miaka ya 1930 na 1940, studio kubwa za Marekani zilitengeneza katuni zilizowachora watu weusi kwa dhihaka: midomo mikubwa kupita kiasi, uvivu na ujinga. Baadhi yake zilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1968 kampuni iliyokuwa na haki ya kuzionyesha, United Artists, iliziondoa kabisa kwenye televisheni katuni 11 za Warner Bros. Hadi leo zinajulikana kama "kumi na moja zilizofungiwa".

Miaka ya 1970 hali ilianza kubadilika. Mwaka 1971 ilikuja katuni ya kundi la Jackson 5, ambalo Michael Jackson alikuwa mtoto ndani yake. Mwaka 1972 ikaja Fat Albert and the Cosby Kids, kuhusu watoto weusi wa mtaani. Baadaye, mwaka 2000, ikaja Static Shock, ya kijana mweusi mwenye nguvu za umeme. Sauti ya kijana huyo ilitolewa na Phil LaMarr, na ndiye huyohuyo tunayemkuta miongoni mwa waigizaji wa sauti wa The Jellies!.

Kwa hiyo wahusika weusi walikuwapo. Tatizo lilikuwa idadi yao, kazi walizopewa, na wakati mwingine sauti zilizowekwa vinywani mwao. Cleveland Brown ni mfano mzuri. Ni mwanamume mweusi wa katuni ya Family Guy, na kuanzia mwaka 2009 hadi 2013 alikuwa na katuni yake mwenyewe. Lakini aliyemwigiza kwa sauti miaka yote hiyo, Mike Henry, ni Mzungu. Ilikuwa Juni 2020, wakati maandamano ya kupinga ubaguzi yalipoenea Marekani baada ya kifo cha George Floyd, ndipo Henry alipotangaza kuiacha nafasi hiyo. Tyler alikuwa ameuliza swali lake miaka mitatu kabla.

Je, lilisaidia kitu?

Tuseme ukweli: kumbadilisha mhusika rangi hakuifanyi katuni kuwa nzuri. Mtu anayeketi kutazama The Jellies! atakutana na mizaha michafu, mambo yasiyo na mwanzo wala mwisho, na vituko ambavyo vingine havichekeshi. Wapo watakaoizima baada ya dakika tatu, na hatutawalaumu.

Pia wapo wanaouliza: kama kinachotafutwa ni kicheko, rangi ina kazi gani? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba kama rangi isingekuwa na maana, hakuna mtu angesimama kwenye mkutano kuuliza imebadilishwa kwa nini. Cornell alipokuwa Mzungu, rangi yake haikuhitaji maelezo. Alipokuwa mweusi, ilihitaji.

Waliomtengeneza wameendelea na safari. Mwaka huohuo wa 2019 ambao katuni ilimalizika, Tyler alitoa albamu ya Igor, iliyoshika namba moja Marekani na kumpatia tuzo ya Grammy mwaka 2020. Boyce leo anafahamika zaidi kama Marcus, mwokaji wa keki katika tamthilia ya The Bear.

Na katuni zenyewe zimesogea. Mwishoni mwa mwaka 2018 ilitoka filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse, ambayo shujaa wake ni Miles Morales, kijana wa Brooklyn mwenye baba mweusi na mama wa asili ya Puerto Rico. Ilishinda tuzo ya Oscar. Mwaka 2020 kampuni ya Pixar ilitoa Soul, filamu yake ya kwanza yenye mhusika mkuu mweusi. Hatusemi kwamba The Jellies! ndiyo iliyofungua njia. Tunasema swali lililoulizwa San Diego halikuwa la mtu mmoja.

Afrika pia haikukaa kusubiri. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga wa Tanzania. Mwaka 2023 ilitoka Supa Team 4, ya wasichana wa Zambia. Mwaka 2024 ikatoka Iwájú, inayoionyesha Lagos ya miaka ijayo, katika Nigeria ileile lilikotoka jina la Okonma.

Angalizo kwa wenye watoto

Kwa kuwa wengi wetu tunatumia simu moja nyumba nzima, tuliseme hili waziwazi. The Jellies! si ya watoto. Ina rangi za kung'aa na wanyama wa kuchekesha, na mtoto akiiona picha yake ataibonyeza. Mtambo wa video hautambui kama aliyeishika simu ana miaka 6 au 36.

Kabla ya kumpa mtoto simu, angalia alama ya umri kwenye katuni. Katuni za Marekani zenye herufi TV-MA ni za watu wazima pekee. Namba 16 au 18 zina maana hiyohiyo: aliye chini ya umri huo asitazame. Kama hakuna alama, tazama dakika mbili za mwanzo wewe mwenyewe. Tena tazama ukiwa na sauti, kwa sababu mara nyingi mchoro ni wa kitoto ila maneno siyo.

Maswali matatu ya kuondoka nayo

Huna haja ya kumaliza bando lako kuitafuta The Jellies! ili kufaidika na swali la Tyler. Unaweza kulitumia kwa katuni yoyote itakayoonyeshwa nyumbani kwako wiki hii, iwe ya kwetu au ya nje.

Kwanza, jiulize ni nani aliye katikati ya hadithi, na nani amewekwa pembeni kumsindikiza. Pili, anayefanana na mtoto wako amepewa kazi gani: anaruhusiwa kuwaza, kukosea na kuchekesha, au kila akitokea ni mwizi, mpiganaji au mchezaji? Tatu, anazungumza kwa sauti ya nani?

Mtoto hatayauliza hayo. Yeye ataangalia na kucheka. Lakini akimaliza, atakuwa ameshajifunza ni watu wa aina gani wanaostahili kuwa na hadithi, na kama yeye ni mmoja wao.