Je, Wajua? Kuna gari linalopimwa oili likinguruma

Magari mengi hupimwa oili injini ikiwa imezimwa. Porsche 911 za zamani, zile zinazopozwa kwa hewa, ni kinyume: injini iwe ya moto, ikinguruma taratibu, gari likiwa mahali tambarare. Oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni. Ukizima, hushuka kwenye injini, na kijiti cha kupimia huweza kutoka kikavu kabisa. Asiyejua huongeza oili, ziada ikaingia njia ya hewa, moshi ukatanda!

Toleo la 1972 ndilo kichekesho. Kifuniko cha oili kiliwekwa nje, nyuma ya mlango wa kulia. Wahudumu vituoni wakamimina petroli humo. Mwaka uliofuata kikarudishwa ndani.

Hata kiasi cha oili ni tofauti: Volkswagen Beetle hutosheka na lita 2.5 tu, 911 hunywa zaidi ya mara tatu ya hiyo.